Lenzi ya kubana kwenye simu: nimeipeleka Ngezi kwa buibui mrukaji

Lenzi hii ya kukuzia vitu vidogo niliinunua Chake Chake, Pemba, kwa shilingi 18,000, duka la makava ya simu, na nimekaa nayo wiki tatu kabla ya kuandika. Wauzaji huitangaza kwa picha za maua na pete. Mimi niliitakia buibui mrukaji, yule mdogo wa msituni asiyezidi punje ya mchele. Nasomesha bayolojia skuli, na nimechoka kuwachorea watoto macho manane ubaoni kama vitone vya chaki.

Nianze na ubaya. Kibano cha kwanza kilikatika springi siku ya pili. Nilikirudisha, nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi. Nikanunua nyingine, safari hii nikachagua yenye kibano kigumu chenye mpira ndani. Kifungue na kukifunga mara kumi palepale dukani kabla hujatoa pesa.

Jumamosi nikapanda gari ya Konde, nikaingia msitu wa Ngezi na mtembezaji wa pale. Akaniuliza, “Mwalimu, watu huja kutafuta popo, wewe wataka buibui?” Nikamwambia ndiye huyo huyo. Hakucheka. Alikwenda akipindua majani mpaka tukampata, juu ya jani la mpapindi, mti ambao porini hauoti pengine ila Pemba.

Lenzi hii yataka ukikaribie kitu mpaka kiwe umbali wa vidole viwili. Nzi hakubali hilo, kipepeo ndio kabisa. Buibui mrukaji hakukimbia. Aligeuka mwili mzima akanikabili. Macho mawili ya mbele yalikuwa meusi tititi, mara yakafifia yakawa kahawia, mara meusi tena. Nikasahau kubonyeza. Jicho lake halizunguki kama letu, limeshikamana na kichwa. Kinachotembea ni mrija wa ndani wenye retina, yaani utando unaopokea mwanga, na rangi hubadilika mrija ukielekea kwako au pembeni. Jambo hilo nimelisomesha miaka sita, na sikuwahi kuliona kwa macho yangu.

Kisha akafuta macho kwa vikono viwili vya mdomoni, la kulia, la kushoto. Akabandika uzi kwenye jani kwa nyuma yake, akaruka. Skrini nzima ikawa tumbo na miguu: alikuwa juu ya lenzi! Mruko ule si wa misuli minene kama ya panzi. Husukuma maji ya mwili miguuni kwa ghafla, miguu ikanyooka. Marehemu bibi yangu alitukataza kuua buibui kwa ajili ya yule aliyetanda mlango wa pango, Mtume (s.a.w.) akiwa ndani. Huyu mrukaji hatandi utando wa kunasia. Humvizia mdudu kama paka, na uzi wake ni kamba ya kujishikia asianguke.

Picha zenyewe? Buibui wa milimita 5 alijaza nusu ya skrini, na katikati ni safi hata vinyweleo vinahesabika. Pembeni kuna ukungu wenye rangirangi. Ukilenga macho ya buibui, miguu inapotea, kwa hiyo rikodi video kisha toa picha humo. Chini ya miti mwanga ni haba na lenzi inaziba taa ya simu. Shika tochi kwa ubavuni. Vua kava. Simu ikiwa na kamera tatu, bana kwenye kamera kuu, la sivyo utapata giza tupu. Unyevu wa msitu hufanya kioo kitoe jasho, na upindo wa kanga yangu ulifanya kazi kuliko kile kitambaa cha ndani ya boksi.

Jumatatu nikawaonyesha watoto ile video. Nilipowaambia kwamba familia hii, Salticidae, ndiyo kubwa kuliko zote za buibui, zaidi ya spishi 6,000, mmoja akataka kujua kama wengine wapo hapa skuli. Mapumziko hawakwenda kununua mihogo. Walikuwa ukutani na kwenye mwembe, na msichana mmoja akaniletea kiganjani kitu nilichodhani ni mdudu chungu, miguu ya mbele kaiinua kama vipapasio. Tukakibania lenzi: macho mawili makubwa mbele, yakitutazama.

Nimeagiza nyingine mbili, moja kwa kila meza ya nyuma.