Kuokoa bajeti za majimbo Marekani: njia ya Medicaid au fungu la fedha?

Takriban majimbo yote, Vermont ikiwa ya pekee isiyobanwa na sheria hiyo, lazima yasawazishe bajeti. Mapato ya kodi yakishuka, walimu hupunguzwa wakati uchumi unawahitaji zaidi. Serikali kuu imejaribu njia mbili.

Mwaka 2009 iliongeza mchango wake katika Medicaid, bima ya afya ya wasiojiweza, kwa pointi 6.2 za asilimia. Jimbo lililokuwa likilipa dola 50 katika kila 100 likabaki na 43.80, akiba hiyo ikaziba mapengo mengine. Fedha zilifika haraka kwa sababu mfereji ulikuwepo tayari. Sharti: jimbo lisikaze vigezo vya kupata bima. Kasoro ni tarehe ya mwisho. Nyongeza ilipunguzwa na kuisha Juni 2011, huku mapato ya majimbo mengi yakiwa bado yanachechemea.

Mwaka 2021 zikatolewa dola bilioni 350 kwa majimbo, miji na wilaya. Uhuru mkubwa wa kuzitumia, muda hadi mwisho wa 2026. Lakini hata majimbo ambayo mapato yake yalikwisha kupona yalipata mgao. Kwa kasi na kulenga, naipendelea ya kwanza, ila ifungwe kwenye kiwango cha ukosefu wa ajira badala ya kalenda.