TAHADHARI: Kasha la kunyamazisha kamera linalouzwa Malindi ni wizi mtupu

Jamani wapiga picha wa Lamu, Malindi na Watamu, tahadharini. Yuko mtu anauza blimpu, lile kasha la kuzuia mlio wa kamera kwenye seti ya filamu, kwa shilingi 38,000. Msinunue. Aliyekwisha kutuma pesa asome mpaka mwisho, na asikubali "kubadilishiwa", kwa sababu atapewa kasha lile lile lenye rangi nyingine.

 Lamu si Mombasa. Hapa hakuna honi za matatu za kufunika chochote, na ndani ya nyumba za kale, vyumba virefu vyembamba vya mawe na chokaa, mlio wa shata, lile pazia la ndani ya kamera linalofunguka na kufunga unapopiga, hugonga kuta zote kabla haujafa. Maikrofoni ya mtu wa sauti inaning'inia juu ya kichwa cha mwigizaji, nawe uko mita mbili nyuma. Kamera ya kioo (DSLR, ile yenye kioo ndani kinachonyanyuka kila unapopiga) ikilia mara moja katikati ya maneno, tukio zima linarudiwa na wewe unatolewa nje. Ndiyo maana watu wanatafuta blimpu, na mwizi huyu anajua shida yetu vizuri sana.

Tazameni anavyofanya. Anaweka kasha mezani: plastiki ngumu nyeusi, vibano viwili, bomba la alumini mbele la kuingia lenzi ya 24-70, pete ya mpira, kioo mwishoni. Kisha anatoa kamera yake mwenyewe, Nikon D850. Anaitia ndani, anaacha kifuniko wazi, anafyatua. Klak! Kila mtu amesikia. Halafu anainama, analigeuza kasha mgongo uelekee kwake, anabonyeza kitu. Hapo ndipo pa kukodoa macho: kuna mwanga mweupe ulimulika kidole gumba chake kabla ya kifuniko kushuka. Anafunga vibano, anafyatua kwa waya. Kimya. Anafyatua tena na tena, kimya. Anafungua, anaonyesha picha, zote zimo, kali, hazina ukungu. Tulikuwa chumbani, madirisha yamefungwa, hata feni haikuwaka. Nani asingeamini?

Mwanga ule ulikuwa skrini. D850, iliyotoka mwaka 2017, ni kamera ya kioo, lakini ukiipiga kwa skrini ina modi ya kimya kabisa: kioo kimeshanyanyuka, shata ya kawaida imeachwa wazi, na sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ndiyo inayoanza na kumaliza picha. Ungeiweka mezani bila kasha lolote isingelia pia. Mara ya kwanza alifyatua kwa njia ya kawaida, mara ya pili kwa modi ya kimya. Kasha halikuzuia mlio wowote. Mlio haukuwapo.

Na tulipotaka kuchungulia kwenye kitundu cha nyuma cha kuangalizia picha akasema kioo chake bado hakijapanguswa. Muongo! Kioo cha kamera kikiwa juu, kitundu huwa giza totoro, na angetuonyesha giza hilo tungejua pale pale.

Asije mtu kusema tulikuwa wajinga. Bomba limechongwa vizuri, skrubu zimekaa sawa, na mtu mwenyewe anaongea kazi hii kama aliyezaliwa nayo. Alitaja hata makasha ya Jacobson ya California, ambayo wapiga picha wa Hollywood wametumia miaka mingi kabla kamera zisizo na kioo hazijaja.

Sasa kasha lenyewe. Ndani kuna sponji ya godoro ya sentimita moja, imebandikwa kwa gundi. Sponji hiyo hunyonya sauti kali kidogo tu, ule mdundo mzito wa kioo unapita kama hakuna kitu. Sauti huzuiwa na uzito pamoja na kufungika. Ukuta unataka mpira mzito kwanza, ndipo sponji nene juu yake, na kamera ielee katikati bila kugusa plastiki mahali popote. Ya huyu imekazwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye sakafu ya kasha, kwa hiyo kila kioo kinapopiga, kasha zima linatetemeka na kuwa ngoma. Kwenye bomba, pete ya mpira haifiki ukutani, imebaki nafasi ya kuingia ukucha, na kwa sauti ukucha ni mlango. Kioo cha mbele ni cha dirisha. Kioo kisicho na dawa ya kupunguza mng'aro hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande, ndiyo maana taa za seti zinatokea mara mbili kwenye picha. Ukipanua lenzi hadi 24mm, pembe zote za picha nyeusi.

Mtu akikuletea kasha, tia kamera YAKO. Modi ya kawaida, skrini imezimwa, apacha (tundu la lenzi) f/8 ili na vibao vya lenzi vilie. Zima friji na AC. Rekodi kwa mita moja, kiwango cha kurekodi ukikifunga kwa mkono, maana simu hujipandishia yenyewe penye kimya. Kisha washa tochi ndani, funga, zima taa za chumba: panapotoka mwanga, panatoka sauti. Chungulia kitundu. Akikataa, ondoka.

Na kwa bei ile, bora uazime kamera isiyo na kioo yenye shata ya kielektroniki. Zima mlio wa fokasi. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupwesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo piga 1/50 au 1/100, la sivyo picha itatoka na mistari. Mwigizaji akikimbia, subiri atulie, maana shata hiyo husoma picha mstari kwa mstari, asije akatoka amepinda.

Huyu mtu ashitakiwe, arudishe kila senti, na asiuziwe wala asinunuliwe kitu na yeyote wa pwani hii. Kurudishiwa kwa M-Pesa hakutasaidia, maana pesa haikwenda kwa namba ya makosa, ilikwenda kwa namba ya mwizi mwenyewe. Lakini Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai mpaka shilingi milioni moja, na wakili si lazima. Kila aliyenunua aandikishe OB (kitabu cha matukio) kituo cha polisi cha karibu, ahifadhi ujumbe wa malipo na mazungumzo yote, asilivunje kasha, na anitumie namba ya OB ili twende pamoja.