N-Card: inakuvusha na inakuingiza kwa Mkapa, ila sio kadi ya msimu

Wadau mnaoulizia kama N-Card, ile kadi ya kuweka hela na kulipia kwa kugusa, inafaa, mi naipa nyota nne kwa tano.

Kadi hiyohiyo unayovukia kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni ndo unaingilia uwanjani kwa Mkapa, hamna kujaza waleti makadi. Kivukoni nauli ya mtu wa mguu ni mia mbili, enzi za tiketi za karatasi ukitoa buku unaanza kusubiria chenji huku pantoni inapiga honi, saa hizi unagusa, geti linafunguka, unatembea. Pantoni yenyewe ikichelewa hiyo ni kesi nyingine, kadi haihusiki.

Ila raha yake uione siku ya derby ya Simba na Yanga. Uwanja unachukua watu 60,000 na wote wanataka kuingia kwa wakati mmoja, afu we tiketi ushanunua kwa simu tangu juzi, mzunguko (siti za kawaida) au VIP kulingana na mfuko wako, imekaa ndani ya kadi. Kila mtu na kadi yake lakini, msije familia nzima na kadi ya baba. Na mnunue mapema jamani, kuna jamaa nje ya uwanja alinitajia bei ya kadi nikabaki nacheka tu.

Sasa nyota niliyoikata. Watu wanadhani hii ni kadi ya msimu, yaani ukiwa nayo unavuka kwa bei ya jumla. Wapi! Ni pochi ya hela tu, kila ukigusa unakatwa. Anayevuka asubuhi na jioni siku sita anatoa 2,400 kwa wiki, yaani kila safari mia mbili ileile ya aliyekuja bichi Jumapili tu. Wakati kule daraja la Nyerere, lile la magari kwenda Kigamboni, 2022 walishusha tozo na wakaweka malipo ya wiki na ya mwezi, so inawezekana kabisa.

Kwenye mpira naelewa kidogo kwanini ni ngumu. Ulaya shabiki analipia msimu mzima na kiti chake anakijua, huku mechi ya nyumbani leo kwa Mkapa, kesho KMC Mwenge, ikibidi Chamazi, sasa hiyo siti utaiuzaje? Lakini kivuko hakihami, pale sioni sababu.

Kwa hiyo mtembea kwa miguu chukua kadi, weka salio la wiki nzima usahau. Mwenye gari anayevuka kila siku, piga hesabu ya daraja kwanza.