Darasa la Jioni Kuhusu Fidia ya Adhabu

Nimehudhuria darasa la jioni linaloendeshwa na ofisi moja ya mawakili hapa Nairobi, nami ninalipendekeza kwa yeyote anayetaka kuelewa fidia ya adhabu, yaani fedha ambazo mahakama humtoza mkosaji juu ya hasara halisi ya mlalamikaji.

Mwalimu alitupitishia vipande viwili vya bati la gari, kimoja kikiwa kimepakwa rangi upya, nikavipapasa bila kutambua tofauti. Ndipo alipoeleza kesi ya BMW huko Alabama, ambamo mnunuzi aliyeuziwa gari lililopakwa rangi upya pasipo kuambiwa alipewa dola 4,000 za hasara na dola milioni 4 za adhabu. Mahakama ya juu ya jimbo ikazipunguza hadi milioni 2, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaona hata hizo zimepita kiasi. Hukumu ya mahakama hiyo hiyo katika kesi nyingine, mwaka 2003, iliongeza kwamba ni nadra kukubalika adhabu inayofikia mara 10 ya hasara. Mimi naona kipimo hicho kinaipa kampuni tajiri nafasi ya kuihesabu dhuluma kama gharama ya biashara, hasa pale hasara ya kila mteja inapokuwa ndogo.

Kasoro ni kwamba majimbo kama Oregon na Indiana, ambayo huchukua sehemu kubwa ya fidia hiyo kwa mifuko ya umma, yalitajwa kwa dakika chache tu, ilhali hapo ndipo wanafunzi tulipokuwa na maswali mengi zaidi.