Washirika: pointi 1000 au 2000?
Katika toleo la pili, la 2018, la Age of Sigmar, mchezo wa vita wa vinyago mezani, kiwango cha washirika (vikosi unavyoazima kutoka jeshi jingine) kilitegemea ukubwa wa mchezo, unaopimwa kwa pointi, yaani gharama ya vikosi: pointi 200 kwa jeshi la 1000, pointi 400 kwa la 2000, na katika kila vikosi vinne, kimoja tu kiwe cha mshirika. Asilimia ni ileile, 20, lakini mezani mambo ni mengine kabisa. Pointi 200 humleta mchawi mmoja, basi. Akianguka raundi ya kwanza, pengo lake halizibiki. Kwa 400 unaongeza na askari wa mikuki wa kumkinga. Mchezo mkubwa hula muda, ndiyo. Hata hivyo, anayecheza toleo hilo na ana hamu ya washirika namshauri 2000; kwenye 1000, pointi zote zibaki kwa jeshi lako.