Karakana ya Kompyuta ya Chake Chake: Huduma kwa Watumiaji wa Linux
Mafundi wengi wa kompyuta hapa Pemba, wakiletewa mashine ya Debian (mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux) isiyofungua programu, hushauri mfumo ufutwe na kusakinishwa upya. Karakana hii ndogo ya Chake Chake haifanyi hivyo, na ndiyo sababu naisifu.

Mashine ya ofisi yetu iliharibika baada ya kompaila ya GCC, yaani chombo cha kugeuza msimbo kuwa programu, kupandishwa toleo: kiungo cha libstdc++.so.6, maktaba ambayo programu za lugha ya C++ huitegemea, kilibaki kikielekeza kwenye faili lisilokuwapo, na kila programu iliyoandikwa kwa C++ ikakataa kuanza. Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba apt, chombo cha Debian cha kusakinisha programu, nayo imeandikwa kwa C++, kwa hiyo chombo cha kutengenezea kilianguka pamoja na kilichohitaji kutengenezwa. Fundi alianza kwa amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, akatuonyesha maktaba iliyokosekana, kisha akatumia dpkg, chombo kingine cha kusakinisha vifurushi, ambacho kimeandikwa kwa lugha ya C na hakikuathirika, kusakinisha kifurushi cha libstdc++6 alichokuja nacho kwenye flashi. Alimalizia kwa ldconfig, amri inayosasisha viungo vya maktaba, na apt ikarudi kufanya kazi bila faili hata moja la ofisi kuguswa.

Alitueleza kila hatua kwa subira, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko bei yenyewe, ambayo ilikuwa ya wastani. Hata hivyo, karakana haitoi maelezo ya maandishi ya kazi iliyofanywa, nasi ilitubidi tuyaandike wenyewe. Kwa ofisi yenye kumbukumbu za kulinda, hilo ni pungufu linalostahili kurekebishwa.