Bodi ya C5200: Bodi Nunua, Transista Zake Usiziamini

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Niko Mtwara, Chikongola, na leo mezani nina hii bodi ya kijani ya transista nne za nguvu, ambayo mafundi wengi tunaundia amplifaya za nyumbani. Ninayo mpya, bado imo kwenye nailoni yake, na ninayo iliyoungua. Hii iliyoungua imeletwa na kijana wa Mikindani, ameiunda mwenyewe kwenye boksi la plaiwudi, kazi safi kabisa kwa macho. Kaniambia, "Fundi, shikamoo, nabadilisha transista zinaungua, nabadilisha zinaungua, nimechoka."

Dogo, sogeza kamera hapa.

Tuanze na mpya. Bodi yenyewe sina ugomvi nayo. Njia za shaba ni pana, matundu yamekaa sawa, na pale kwenye mlango wa spika wameweka rezista ya omu 10 na kapasita ndogo ya kutuliza mtetemo. Bodi nyingi za bei ya chini wanaibania hiyo. Skrubu za kufungia waya ni laini, ukikaza kwa hasira zinakatika, lakini hilo tunalimudu. Tatizo liko kwenye hizi nne hapa: mbili C5200, mbili A1943, zote zimeandikwa Toshiba mgongoni. Ile ya kweli ya Toshiba inavumilia volti 230 na ampea 15, na joto la wati 150 ikiwa imepozwa vizuri. Hizi zinazokuja na bodi, mimi sizipi hata nusu ya hapo.

Naiweka koleoni transista hii iliyokufa. Vaa miwani. Haya, imepasuka. Mnaona hicho kipande cha silikoni kwenye bati? Punje ya mtama! Ya kweli ina kipande kikubwa, kinajaza sehemu nzuri ya bati, maana joto lote la sauti linapita hapo. Maandishi ya nje anaweza kuyachapa yeyote, ila silikoni ni gharama, ndiyo wanayoiba.

Lakini msikimbilie dukani. Hapa ndipo kijana wangu alipokuwa anapoteza hela, kwa sababu transista kubwa ikifa haifi peke yake.

Kwanza toa umeme, kisha maliza chaji ya kapasita. Hizi mbili kubwa ni maikrofaradi 10,000 kila moja, na transfoma yake ni 24-0-24, kwa hiyo ndani mna kama volti 33 chanya na 33 hasi. Usizipige shoti kwa bisibisi kama wanavyofanya wale wa sifa. Chukua rezista ya omu 100 ya wati 5, gusisha miguu miwili kwa sekunde kadhaa, halafu pima uhakikishe.

Sasa mita, iweke kwenye alama ya daiodi. Transista hii ukiitazama usoni, mguu wa kushoto ni beisi, wa kati kolekta, wa kulia emita. Kutoka beisi kwenda kwa wenzake unatakiwa kusoma 0.5 mpaka 0.7 upande mmoja, ukigeuza waya isisome kitu. Kolekta na emita zisisomane kabisa, upande wowote. Hii hapa... sikilizeni. Inalia mlio na inasoma sifuri. Shoti. Hiyo nimeing'oa kwenye bodi kabla ya kupima. Ikiwa bado imelehemiwa, majirani zake watakudanganya.

Njoo kwenye hizi rezista nyeupe za omu 0.22. Moja ina ufa mwembamba, utauona ukiinamisha kwenye mwanga. Ukipima imekatika. Na hii ndogo ya kwenye beisi imekuwa mkaa, rangi zimepotea. Wengi wanakwama hapa: thamani yake ilikuwa ngapi? Jibu lipo boksi hilo hilo. Amplifaya ni ya pande mbili, wa kulia umekufa, wa kushoto ni mzima. Nenda upande mzima, tafuta rezista inayokaa mahali pale pale, soma rangi zake.

Halafu drava, yaani transista za kati zinazozisukuma zile kubwa, hizi TIP41 na TIP42. Kubwa ikipiga shoti, volti 33 zinarudi nyuma kupitia beisi na kumuua drava. Ukiweka kubwa mpya juu ya drava aliyekufa, unaichoma mpya dakika ile ile. Hii TIP41 imekufa, na kijana hakuigusa hata siku moja.

Na chanzo? Viwili. Huku msimu wa korosho ukifika hela inaonekana, harusi na ngoma zinafuatana, muziki hadi alfajiri. Kijana kafunga spika nne za omu 8 sambamba kwenye upande mmoja. Hiyo ni omu 2, kaka, inavuta mkondo mkubwa mno. Cha pili, hiki kitransista kidogo cha baiasi, yaani cha kupanga ule mkondo mdogo unaopita kwenye kubwa hata bila muziki, kinatakiwa kishikane na hitisinki, kile chuma cha kupozea, kihisi joto na kupunguza mkondo. Chake kinaning'inia hewani. Kubwa zinachemka, chenyewe hakina habari, mkondo unapanda, joto linapanda tena, mpaka moshi.

Nimeshabadilisha vyote. Maika mpya, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme nyuma ya transista, pesti nyeupe nyembamba ya kupitisha joto, na nimekwangua ncha za chuma kwenye matundu ya hitisinki, maana mgongo wa transista ni kolekta, una umeme. Maika ikitoboka umeme unaingia kwenye hitisinki.

Kuwasha siwashi moja kwa moja. Napitisha waya mmoja wa umeme kwenye balbu ya wati 60, ile ya zamani ya waya ndani, LED haifai. Ukiikosa dukani waulize wafuga vifaranga, wao bado wanazo. Spika haijafungwa. Nawasha... imewaka kwa nguvu, inafifia, imezima. Safi. Kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ingebaki inang'aa, ningezima na kurudi kwenye mita.

Kwenye mlango wa spika nasoma milivolti 18 za DC. Chini ya 50 naruhusu. Zikiwa volti 33, spika yako inakuwa hita. Mwisho baiasi: natoa balbu, nasoma juu ya rezista ya 0.22, nazungusha trima, rezista ndogo ya kurekebisha, taratibu mpaka milivolti 6 au 7, ambazo ni kama miliampea 30. Naiacha ipate moto, narudia.

Upande wa chini wa bodi pakeni vanishi. Chumvi ya bahari yetu hii mnaijua.

Kwa hiyo bodi naipa 7 kwa 10, transista zake 2. Tena 2 hizo ni za miguu, inalehemika vizuri. Kijana wangu anaondoka na spika mbili tu kila upande. Ya kwako ikikusumbua andika chini hapo, taja volti za transfoma na balbu ilifanyaje ulipowasha. Bila hayo mawili sitaweza kukujibu.